Pole na Hongera: Kuwapokea Ndugu Zetu Waliotoka Katika Saratani





Lugha yetu ya Kiswahili imetupa salamu kwa karibu kila hali anayoipitia mwanadamu. Aliyefiwa tunampa pole. Aliyejifungua tunampa hongera. Mgonjwa tunamwambia ugua pole, msafiri tunamtakia safari njema, na akirejea tunamkaribisha nyumbani. Hata hivyo yupo mtu mmoja ambaye tukikutana naye mlangoni mwa kanisa tunashikwa na kigugumizi. Ni yule aliyeugua saratani, akatibiwa, akaambiwa na daktari kwamba ugonjwa hauonekani tena, akarudi kwetu. Tumpe pole kwa yaliyompata, au tumpe hongera kwa kuyavuka? Wengi, kwa kutojua la kusema, humpa mkono, wakatabasamu, wakapita. Wiki hii napenda tutafakari pamoja juu ya ndugu zetu hao, kwa sababu ninaamini kwamba ukimya wetu unawaumiza kuliko tunavyodhani.

Mama mmoja, mwanachama mwaminifu wa WAWATA, alinijia ofisini baada ya Misa ya asubuhi. Ameniruhusu niyaandike haya pasipo kumtaja jina. Alikuwa amemaliza tiba ya saratani ya matiti mwaka mmoja na nusu uliopita. Hakuja kuomba msaada wa fedha, wala hakuja kuungama. Alikuja na swali. Aliniambia, "Padre, nilipokuwa naumwa nyumba yangu haikukosa watu. Uji uliletwa hata siku ambazo sikuweza kuumeza. Sasa nimepona, na sijawahi kuwa mpweke kama nilivyo sasa. Je, ni dhambi kujisikia hivi? Si ningepaswa kuwa na furaha?"

Nilimjibu kwamba si dhambi hata kidogo. Nimeendelea kulifikiria swali lake, na baada ya kuwasikiliza wengine waliopita njia hiyo hiyo, nimeona inafaa jibu lake liwe la parokia nzima wala si la Padre peke yake.

Jambo la kwanza ni kujua kwamba watu wa namna yake ni wengi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2022 watu wapatao milioni 20 waligundulika kuwa na saratani, na watu milioni 9.7 walifariki dunia kwa ugonjwa huo. Hizo ndizo takwimu tunazozisikia redioni. Iko na ya tatu ambayo haisikiki sana: watu milioni 53.5 walikuwa hai katika kipindi cha miaka 5 tangu kugundulika kuwa na ugonjwa huo. Hao si maiti wanaosubiri siku. Ni watu wanaopanda daladala, wanaofundisha watoto wetu, wanaoimba kwaya na kupanga viti kabla ya Misa.

Wazee wenzangu watakumbuka hali ilivyokuwa zamani. Ile hospitali ya Ocean Road iliyoko ufukweni Dar es Salaam, katika majengo yaliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na ambayo mwaka 1996 ilifanywa kuwa Taasisi ya Saratani kwa sheria ya Bunge, ilikuwa jina la kutisha vijijini. Mtu akisikia kwamba fulani amepelekwa Ocean Road, alianza moyoni kuhesabu siku za maziko. Ni kweli kwamba hadi leo wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, na wengi tunawazika. Lakini wapo pia wanaotoka wakitembea kwa miguu yao. Mioyo yetu imezoea kusindikiza, na bado haijazoea kupokea. Tunajua kumfikisha mgonjwa hospitalini. Kumpokea anaporudi hatujakujua.

Mwaka 1985, daktari Mmarekani aitwaye Fitzhugh Mullan, ambaye yeye mwenyewe alipatwa na saratani akiwa na umri wa miaka 32, aliandika makala katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine. Alieleza kwamba kupona si tukio la siku moja bali ni safari yenye majira matatu. Yapo majira ya kwanza, ya kugundulika na kutibiwa. Yapo ya tatu, ambapo mtu anaweza kusema kwa utulivu kwamba hatari ya ugonjwa kurudi imekuwa ndogo. Na katikati yapo majira ya pili, pale tiba inapokwisha na hofu inapobaki. Mwaka uliofuata, 1986, yeye na wenzake wakaanzisha umoja wa kitaifa wa watu waliopitia saratani nchini mwao. Nayataja haya kwa sababu majira yale ya pili ndiyo yaliyomleta mama yule ofisini kwangu. Mgonjwa akiwa wodini ana daktari, ana wauguzi, ana mgonjwa wa kitanda cha jirani anayemwelewa. Siku anapopewa karatasi ya kuondoka, hao wote anawaacha kwa mara moja, naye anarudi mahali ambapo kila mtu anadhani kwamba mambo yamekwisha.

Ni mizigo gani basi anayorudi nayo? Nimejaribu kuipanga kadiri nilivyosimuliwa.

Mzigo wa kwanza ni hofu. Wiki moja kabla ya tarehe ya kurudi kliniki, usingizi hupotea. Kikohozi cha kawaida, au maumivu ya mgongo baada ya siku ya palizi, huamsha swali lile lile: je, umerudi? Baba mmoja aliyetibiwa tezi dume aliniambia kwamba yeye hahesabu tena miaka kwa Krismasi na Pasaka, anaihesabu kwa vipimo. Jamaa zake wakimwona amenyamaza mezani hudhani amekasirika.

Mzigo wa pili ni mwili wenyewe. Mwanamke aliyeondolewa tezi za kwapani pamoja na titi anaweza kuvimba mkono miezi au hata miaka kadhaa baadaye, asiweze kubeba ndoo wala kutwanga kama zamani. Baadhi ya dawa za tibakemikali, ile ambayo wengi huiita kemo, huacha ganzi katika vidole vya mikono na miguu. Uko pia uchovu ambao haumalizwi na usingizi wa usiku mmoja, nao unaweza kuendelea kwa muda mrefu baada ya tiba kwisha. Nywele zimeota, mashavu yamejaa, na kwa macho yetu mtu huyu ni mzima. Ndipo maneno huanza nyumbani: mbona umekuwa mvivu?

Mzigo wa tatu unahusu ndoa, na ni vema tuuseme kwa heshima lakini bila kuuficha. Hapa Tanzania saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake. Tiba yake, hasa mionzi, yaweza kumfanya mama akome hedhi kabla ya wakati, asiweze tena kupata mtoto, na aone maumivu katika tendo la ndoa. Wapo waume waliosimama imara na wake zao. Nimewaona, nao ni fahari ya parokia. Wapo pia waliohama chumba, na wapo waliohama nyumba. Juu ya hayo huja minong'ono, kwa kuwa watu wamesikia kwamba saratani hii husababishwa na kirusi kinachoambukizwa kwa njia ya kujamiiana, wakaharakisha kuhukumu. Ndugu zangu, kirusi hicho kimeenea mno. Karibu kila mtu aliyewahi kukutana kimwili na mwenzake hukipata wakati fulani katika maisha yake, mara nyingi bila dalili yoyote, na kwa walio wengi mwili hukiondoa wenyewe. Mke aliye mwaminifu maisha yake yote aweza kuugua. Anayemnyoshea mama huyo kidole hajui anachokisema, na anatenda kosa dhidi ya haki na upendo.

Mzigo wa nne ni uchumi. Tiba ya mionzi huweza kuchukua wiki tano au sita, siku tano kila wiki. Aliyetoka mkoani amelazimika kukaa mjini muda wote huo, yeye pamoja na ndugu wa kumwuguza. Kiwanja kimeuzwa, ng'ombe wameuzwa, mtoto amekosa ada, na mchango wa VIKOBA haujarejeshwa. Ugonjwa umepona lakini madeni hayajapona. Na mtu mwenye deni hukwepa watu, hata wale ambao wangempenda.

Tukiitazama mizigo hiyo minne, tunaweza kuelewa kwa nini furaha haiji mara moja. Mama yule hakukosa shukrani kwa Mungu. Alikuwa amechoka, tena alikuwa amechoka peke yake.

Hapa nataka tuangalie maneno tunayoyatumia. Siku hizi imekuwa desturi kumwita mtu aliyepona saratani "shujaa". Nia ni njema, na wapo wanaolifurahia jina hilo. Lakini shujaa hatarajiwi kulia. Shujaa akisema kwamba anaogopa, watu hushangaa. Nami nimewaona watu wakilivaa jina hilo kama koti zito wakati wa jua, wakiogopa kulivua mbele ya watoto wao. Kiswahili kinalo neno lingine, nalo ni "manusura". Tunalitumia kwa walionusurika katika ajali ya meli au ya basi, na mara chache kwa mgonjwa. Neno hilo linatoka katika kunusuru, yaani kuokoa na kusaidia mtu aliye hatarini. Kwa hiyo manusura ni mtu aliyenusuriwa, na ndani ya jina lake tayari yumo mwingine aliyemnyoshea mkono: daktari, muuguzi, mume, jirani, na nyuma ya hao wote Mungu mwenyewe. Kwa jina la shujaa mtu husifiwa kana kwamba alipigana peke yake. Manusura hukumbushwa kwamba alisaidiwa, naye ana haki ya kuendelea kusaidiwa.

Jambo linalofuata ni zito, na naomba mlisome kwa utulivu. Tunapenda ushuhuda. Ni vema kumshukuru Mungu hadharani, na mimi mwenyewe nimeadhimisha Misa nyingi za shukrani za namna hiyo kwa moyo mkunjufu. Lakini zipo saratani zinazorudi. Nilimfahamu mtu aliyesimama mbele ya waamini akasimulia jinsi Bwana alivyomponya, na kanisa zima likapiga vigelegele. Baada ya muda dalili zikaanza tena. Hakumwambia mtu. Alikaa nazo miezi kadhaa, hakwenda kliniki, na kwenye jumuiya akatoa udhuru kila wiki. Mkewe alipomleta kwangu hatimaye, alisema kwamba aliogopa kumwaibisha Mungu. Alifikiri kwamba kuugua kwake mara ya pili kungeufanya ushuhuda wake kuwa uongo, na watu wangesema imani yake ilipungua.

Fikirini, wapendwa. Mtu alichelewa kupata tiba kwa sababu ya vigelegele vyetu. Hatukukusudia hivyo hata kidogo. Lakini tulikuwa tumemwonyesha, bila kutamka, kwamba kanisani pana nafasi kwa aliyepona na hapana nafasi kwa aliyeugua tena. Shukrani ya kweli haimwekei Mungu sharti la kesho. Mtu aweza kumshukuru kwa mwaka mmoja wa uzima, kwa harusi ya binti aliyoishuhudia, kwa mvua moja zaidi ya masika, na shukrani hiyo ikabaki kuwa ya kweli hata ugonjwa ukirudi. Yeyote atakayetoa ushuhuda katika parokia yetu na aujue uhakika huu: siku atakapoanguka tena, mlango ni ule ule na kiti chake hakijachukuliwa.

Pengine mtu atauliza: je, kukaa na hao ndugu kunasaidia nini, ikiwa sisi si madaktari? Swali hili limechunguzwa na wataalamu kwa miaka mingi, na ni vema tuijue kweli yote. Mwaka 1989, David Spiegel na wenzake wa Marekani walichapisha uchunguzi juu ya wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa mwilini. Waliokutana kila wiki katika kikundi cha kusaidiana, pamoja na kupewa matibabu yao ya kawaida, walionekana kuishi muda mrefu kuliko wenzao. Habari hiyo ilileta matumaini makubwa. Lakini uchunguzi mkubwa zaidi uliofanyika Kanada na kuchapishwa mwaka 2001 haukuona kwamba vikundi hivyo hurefusha maisha, na hata Spiegel alipourudia uchunguzi wake na kuuchapisha mwaka 2007, matokeo ya jumla hayakuwa kama yale ya mwanzo. Hata hivyo uchunguzi ule wa Kanada ulionyesha jambo lingine: wanawake waliokuwa katika vikundi walipungukiwa na huzuni na maumivu, hasa wale waliokuwa wameelemewa tangu mwanzo.

Tujifunze mambo mawili hapo. La kwanza, ushirika wetu si dawa ya saratani, na asitokee mtu wa kumwambia mgonjwa kwamba akija kusali nasi aache kliniki. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walipanga foleni ya magari kuelekea Samunge, Loliondo, kwa ajili ya kikombe kimoja, na wengi wao walikuwa wagonjwa waliochoka kusubiri. Ninaielewa kiu yao, lakini kiu haiyageuzi maji kuwa dawa. La pili, kupunguza huzuni ya mtu ni kazi halali hata kama haimwongezei siku moja. Sisi wafuasi wa Kristo tusingepaswa kuhitaji faida nyingine ili kuifanya.

Tukifungua Maandiko Matakatifu tunakuta kwamba hekima hii ni ya zamani sana. Someni kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 14. Ni sura ambayo wengi huiruka. Imeeleza kwa kirefu namna ya kumpokea mtu aliyepona ukoma. Kuhani haponyi mtu katika sura hiyo. Mtu amekwisha kupona. Lakini haingii kambini kimya kimya. Kuhani mwenyewe anatoka nje ya kambi kumwendea. Ipo ibada, yapo maji ya kuoga, zipo siku saba za kukaa karibu na hema lake kabla ya kuingia, na siku ya nane sadaka yake inapokelewa, na hata akiwa maskini amewekewa sadaka ya kiasi chake. Watu wa kale walifahamu kwamba kupona ni jambo moja na kurudi ni jambo lingine, na kwamba kurudi kunahitaji muda, hatua na mtu wa kukupokea. Ndiyo maana Bwana wetu alipowahurumia wale wenye ukoma kumi, katika Luka sura ya 17, aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani. Hakutaka wapone ngozi tu wakabaki nje ya watu wao.

Tazameni pia kaburi la Lazaro katika Yohane sura ya 11. Kristo ndiye aliyemwita atoke, na hakuna mwingine ambaye angeweza kufanya hivyo. Lakini Lazaro alitoka akiwa bado amefungwa sanda mikononi na miguuni. Kazi ya kumfungua Bwana aliwaachia watu waliosimama pale. Mimi huiona hapo kazi ya parokia. Uhai unatoka kwa Mungu, na mara nyingi anautoa kupitia mikono ya madaktari. Sanda za hofu, aibu, madeni na upweke zimeachwa kwetu tuzifungue.

Tutazifunguaje? Maaskofu wa nchi zetu za Afrika Mashariki walipokutana mwaka 1973, waliamua kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo za waamini, mahali ambapo watu wanafahamiana kwa majina. Kwa hiyo hatuna haja ya kuanzisha chama kipya. Tunazo Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, na ningependa kila moja iyapokee mambo yafuatayo.

Tusiache kutembelea siku tiba inapokwisha. Mithali yetu husema mgonjwa haulizwi uji, na kweli sisi ni hodari wa kupeleka uji. Lakini aliyepona aulizwe. Muulizeni: unapenda tuje, au leo unahitaji kupumzika? Unapenda tuzungumze juu ya ugonjwa, au tuzungumze habari za mpira na za watoto? Kumuuliza mtu ni kumrudishia uwezo wa kuamua ambao hospitali ilikuwa imeuchukua kwa muda.

Mwenyekiti wa jumuiya, kwa ridhaa ya mwenyewe, aijue tarehe ya kurudi kliniki. Mtu mmoja amsindikize, akae naye kwenye benchi, arudi naye. Nauli ya watu wawili si kubwa jumuiya nzima ikichanga.

Tuchunge ndimi zetu. Rafiki zake Ayubu walifanya vizuri siku saba za kwanza, walipoketi naye chini pasipo kusema neno. Matatizo yalianza walipofungua vinywa. Tusimwambie mtu kwamba amerogwa, wala kwamba Mungu anamwadhibu. Tusimsimulie juu ya shangazi yetu aliyefariki kwa ugonjwa ule ule. Na tusimwambie kwa wepesi kwamba msalaba wake ni zawadi. Hayo aweza kuyasema yeye mwenyewe siku moja, akipenda, maana ndiye aliyeubeba.

Tuwakutanishe wao kwa wao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huko New York, mwaka 1952, mama mmoja aitwaye Terese Lasser, aliyekuwa ameondolewa titi, alianza kuwatembelea hospitalini wanawake waliotoka kufanyiwa upasuaji kama wake, akiwaonyesha kwa kuwapo kwake tu kwamba maisha yanaendelea. Kazi yake ilienea katika nchi nyingi. Katika parokia yetu wapo watu kadhaa ambao wangeweza kuifanya huduma hiyo, na baadhi yao hawajui kwamba jirani wa kigango cha pili amepita njia ile ile.

Tusiwasahau wauguzaji. Mume aliyepika, akafua na kuosha vidonda kwa miezi kumi, binti aliyeacha masomo ili amlaze mama yake: nao wamechoka, nao wanaogopa, na hakuna anayewauliza hali. Salamu zetu ziwafikie pia.

Na kwa manusura wenyewe ninalo neno moja. Si kila huzuni inaisha kwa mazungumzo na sala. Ukiona wiki zinapita hulali, huli, huoni maana ya kuamka, au unawaza kwamba ingekuwa afadhali kufa, mwambie daktari wako kama ambavyo ungemwambia juu ya maumivu. Huzuni ya namna hiyo ni ugonjwa unaotibika, na kuitibu si upungufu wa imani. Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa nayo ipo kwa ajili yako, na ugonjwa ukikurudia au ukizidi unaweza kuipokea tena. Haikuwekwa kwa ajili ya saa ya kufa peke yake.

Kanisa humheshimu Mtakatifu Peregrine Laziosi, mtawa wa Shirika la Watumishi wa Maria huko Forlì nchini Italia, kama msimamizi wa wenye saratani. Inasimuliwa kwamba mguu wake ulikuwa umeoza kwa ugonjwa, na usiku wa kuamkia siku ya kukatwa alipona. Watu hupenda kuusimulia usiku ule. Mimi huvutiwa zaidi na miaka iliyofuata, maana Peregrine hakupaa mbinguni siku ya muujiza. Aliendelea kuishi kati ya ndugu zake watawa, akisali na kuwahudumia maskini wa mji wake, hadi mwaka 1345 akiwa mzee sana. Ndugu zake walimpokea, wakampa kazi, wakala naye mezani. Katika miaka hiyo ya kawaida utakatifu wake ulikomaa.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya Misa ya asubuhi, nimetenga ukumbi mdogo wa parokia kwa ajili ya wote waliopitia saratani na wale waliowauguza, Wakatoliki na wasio Wakatoliki. Hapatakuwa na hotuba wala mchango. Patakuwa na chai, na atakayetaka kunyamaza atanyamaza. Nanyi wengine, mkikutana na ndugu hao mlangoni mwa kanisa Dominika hii, msihangaike kuchagua salamu. Mpeni pole na mpeni hongera, vyote viwili, kisha mumuulize amelalaje, na msubiri ajibu.

Mungu Mwenyezi awabariki, na Mama Maria, Afya ya Wagonjwa, atuombee.

Wiki njema.

Ni mimi Padre wenu katika Kristo.